Mtumbwi, Matete na Dhamana ya Mwindaji

Pale Mto Ruaha Mkuu, baada ya kuyaacha mabwawa ya Usangu upande wa Mbeya, unapokutana na Kisigo na kuzuiwa na ukuta wa Mtera uliokamilishwa mwaka 1980, limetanda ziwa lililofanywa na mikono ya watu, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ambalo mradi wake ulikuwa umeme, walakini likapata wakazi wengine: wavuvi na mitumbwi yao, viboko na mamba, na makundi makubwa ya ndege wa majini, wakiwamo bata bukini wa Misri na bata wadogo wenye nyuso nyeupe warukao usiku wakipiga mbinja. Mahali kama hapo, penye samaki na ndege katika maji mamoja, ndipo panapozuka swali ninalotaka kulichungua: mtu mwenye mtumbwi wa kuvulia, akitaka kuugeuza uwe chombo cha kuwindia bata, anageuza nini hasa?

Kazi ya mikono si kubwa. Nyufa hutiwa kalafati, maana mwindaji hukaa chini kabisa kwa saa nyingi na ngama ikijaa maji hataweza kutulia. Rangi ya kung'aa, ambayo mvuvi huipenda ili aonekane na wenzake, hufunikwa kwa rangi ya tope. Fito za mianzi hupindwa kutoka ubavu hata ubavu, na juu yake hufungwa matete yaliyokatwa papo hapo, kwa kuwa matete makavu kati ya mabichi humtahadharisha ndege. Bunduki huelekezwa upande wa omo, si ubavuni, kwa sababu teke lake laweza kuupindua mtumbwi mwembamba.

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, amesimulia habari za merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ile ilikuwa merikebu ile ile au nyingine. Katika mtumbwi wetu jambo limepinduka: gogo ni lile lile, taruma ni zile zile, wala hapana kilichoondolewa; na hata hivyo, asubuhi ya pili, kilichokuwa chombo cha kuonekana kimekuwa chombo cha kujificha. Kwa hiyo naona kwamba umbo halitoshi kutuambia kitu ni nini, na kwamba nia ya mwenye kukitumia huingia ndani ya mti wenyewe ikawa sehemu yake.

Atatokea mtu wa insafu aseme kwamba mvuvi naye hujificha, kwani nyavu hazionekani majini na ndoana hufunikwa chambo; iweje hila iwe halali kwa samaki na iwe na lawama kwa bata? Hoja hii ni nzito, na mimi sisemi kwamba hila ni haramu. Nasema kwamba aliyeingia katika maskani ya kiumbe kwa hila, akamwondolea hadhari ambayo Mungu alimpa iwe ngao yake, amejitwika dhamana ambayo mwindaji wa waziwazi hakuwa nayo. Nyavu hurudi mashuani na zilichokamata. Bunduki ya marisau haifanyi hivyo, maana chembe zake hutawanyika, na katika kundi la bata huanguka mmoja na pengine wawili wengine huenda zao na majeraha, wakafie ndani ya matete wasikoonekana na mtu.

Wanazuoni waliliona jambo hili zamani. Katika Hadithi ya Adi bin Hatim, waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwindaji amekatazwa kula windo alilolikuta limezama majini, kwa kuwa hajui kama limeuawa na mshale wake au na maji. Wanazuoni wa Kishafii wakatofautisha, wakasema kwamba ndege wa majini akipigwa akiwa juu ya maji, maji kwake ni kama ardhi kwa mwingine. Mtu mwepesi atayaona haya kuwa mabishano ya vyuoni. Mimi naona ndani yake uadilifu mkubwa, kwamba mwindaji lazima ajue kwa yakini kifo kilichotoka mkononi mwake, wala asiridhike na dhana. Na Torati nayo, katika Kumbukumbu sura ya 22, ilipomkataza mtu kumtwaa ndege pamoja na makinda yake, iliweka mpaka katika jambo lililoruhusiwa.

Hapo ndipo matete yanapopata utetezi wake. Maficho humleta ndege karibu, na bunduki ya marisau, ambayo kupita mita 40 hujeruhi zaidi ya kuua, huua kwa haki ikiwa karibu. Hila ile ile inayofanana na hiana yaweza kuwa njia ya rehema, maadamu ukaribu umetumiwa kwa kuchagua ndege mmoja na kumwua mara moja. Katika karne ya 19, kwenye mabwawa ya Uingereza na Marekani, watu waliutumia kinyume chake: walifunga bunduki kubwa mno kwenye mitumbwi bapa, wakanyemelea kundi lililolala, na mlio mmoja ukaangusha makumi ya ndege kwa ajili ya soko. Nchi hazikunyamaza, hata marisau ya risasi, ambayo bata huyameza pamoja na changarawe yakamtia sumu, yalipigwa marufuku Marekani katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991.

Kwetu, kinamasi cha Ihefu huko Usangu kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwaka 2008, wala humo hapawindwi kamwe. Kwingineko, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 humtaka mwindaji awe na leseni hata kwa ndege. Mwenye mtumbwi anayetaka kuufunga matete, namsihi aanze kwa leseni hiyo, kisha aahidi nafsi yake kwamba kila bata aliyempiga atamfuata kwa pondo mpaka ampate, japo jua limchome na njaa imshike. Asiyeweza ahadi hiyo, na auache mtumbwi wake uendelee kuvua samaki.