Nani Kakwambia?

Katika nyumba za Maskati zinazosema Kiswahili, mabibi waliozaliwa Unguja hawahitaji kufundishwa simu. Wanatumiana kwa WhatsApp dua ya Ijumaa, tiba ya kisukari kwa majani ya mti usiomea Oman, na habari ya msiba kabla maiti hajaoshwa. Ukisema mbele yao kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu hawajui kutumia mtandao, watakucheka. Vijana hawa hawa, waliozaliwa na simu kiganjani?

Ndiyo, hawa hawa. Nina mpwa anayesoma chuo kimoja hapa mjini. Aliniletea insha yake ya biashara ya karafuu niipitie, imejaa picha, rangi na takwimu za kila aina. Nikamuuliza: haya nani kakwambia? “Google, mjomba.” Nikamwambia Google hakusema kitu, kakuonesha mlango tu, ndani ya nyumba yumo nani? Hakujua, na wala hakuona kwa nini ajue. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 mambo yamezidi, maana jibu sasa linakuja lenyewe, bila jina la mtu wala mwaka. Ajabu ni kwamba watoto hawa wamelelewa katika elimu ya hadithi za Mtume, ambako maneno hata yawe matamu vipi, hutazamwa kwanza yamepokewa kwa nani.

Lakini tusiwaseme vijana peke yao. Machi 2020, korona ilipofunga madarasa na masomo yakahamia mtandaoni, walionekana watu wenye shahada za uzamivu wakisomesha maikrofoni imezimwa, huku wanafunzi wakiwaandikia pembeni wabonyeze wapi. Baadhi yao walikasirika kuelekezwa. Na watu hao hao, ukiwapa makala ya kitaalamu, huangalia kwanza nani kaiandika, jarida gani limeichapisha na lini, ndipo wasome aya ya kwanza. Kijana ana vidole, mwalimu ana jicho, na kila mmoja anadhani alicho nacho kinamtosha.

Mpango wa masomo nao haujasaidia kukutanisha vidole na jicho. Viwango vya kitaifa vya mwaka wa msingi, ambao wanafunzi wengi wa Oman huupitia kabla ya shahada, vilitolewa 2008 vikiwa na sehemu nne: Kiingereza, hisabati, kompyuta na stadi za masomo. Kompyuta somo lake, kutafuta na kutaja marejeo somo lake. Mwanafunzi anaweza kufaulu yote mawili asitambue kwamba ni kazi moja. Ipo Masader, maktaba ya kisayansi ya mtandaoni iliyoundwa ili vyuo vya nchi hii vifikie majarida na vitabu vya kitaalamu. Mpwa wangu alikuwa hajawahi kuifungua.

Vifaa tunavyo. Kinachotukwamisha, kwa ninavyoona, ni haya, yaani aibu ya kuuliza. Wazee wetu hawakuwa nayo. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa. Jamaa zetu wa Zanzibar walipoanza kurejea Oman, wengi walikuja na Kiingereza na ujuzi wa taipu, wakashika maofisi. Na wenyeji watu wazima, wengine mvi kidevuni, wakaingia madarasa ya kufuta ujinga kujifunza kusoma na kuandika, bila kuona kwamba heshima yao imepungua. Leo profesa anaona taabu kumuuliza mwanafunzi faili inatumwaje, na mwanafunzi anaona taabu kukiri kwamba hajui makala ya kitaalamu inatafutwa wapi. Basi tunawaandalia semina tofauti, wafanyakazi siku yao na wanafunzi siku yao, kila kundi likabaki na lake.

Ningekuwa na sauti, ningewaketisha meza moja: mhadhiri, karani wa usajili, mkutubi na wanafunzi wachache, na kazi moja ya kweli mbele yao. Mathalan, wachukue habari moja iliyoenea kwenye simu za Maskati wiki hiyo, waifuate nyuma mpaka aliyeitoa mwanzo. Vidole viwe vya vijana, maswali yawe ya wakubwa, kisha wabadilishane. Wakuu wa vyuo mnaosoma ukurasa huu, jaribuni muhula mmoja tu.