Jumanne: Embe Linalobaki Nyumbani

Soma Mwanzo 1:29 na 2 Timotheo 2:6. Kwa mfano anaoutoa Paulo, ni nani anayepaswa kutangulia kupata fungu la mavuno?

Msimu wa maembe unapofika, nyumba nyingi zenye miembe huchagua yaliyo mazuri yote yakapelekwa sokoni. Fedha hiyo ina kazi: zaka, ada, sabuni. Lakini sehemu yake hurudi nyumbani ikiwa soda, na watoto wa mwenye mwembe hubaki kuokota yaliyopondeka.

Rangi ya manjano ndani ya embe lililoiva hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kupapasa njia giza linapoingia. Embe lina vitamini C pia, na nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Ukilikamua na kuchuja juisi, nyingi hubaki kwenye chujio. Lioshe, ulile pamoja na mlo, si kila upitapo chini ya mti (hapo wengi wetu tunajulikana!). Mwenye kisukari atosheke na kipande kidogo.

Zungumzeni darasani: kabla gari la mnunuzi halijafika wiki hii, ni maembe mangapi mtayatenga kwa ajili ya watoto, na ni nani atakayeyachagua?