Mgonjwa ni Samaki au ni Maji?

Waswahili husema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo imewaonya watoto dhidi ya rafiki mbaya na imewatahadharisha viongozi dhidi ya mla rushwa mmoja ofisini, na aliyeitunga hakukosea: mbele yake palikuwa na tenga la samaki waliokwisha kufa. Samaki aliye hai ndani ya maji yaliyofungwa ana kesi nyingine. Humo, anayetangulia kuugua aghalabu ni shahidi wa jambo lililowapata wote, na wenzake wanangoja zamu zao. Kwa hiyo kazi ya kumtibu samaki wa nyumbani, ndogo kama inavyoonekana, inabeba swali kubwa la maadili: anayemfungia kiumbe ndani ya maji aliyoyachagua mwenyewe, kiumbe huyo akaugua, anapomtibu humfanyia hisani au hulipa deni?

Swali hilo lina uzito wa pekee Igunga. Wilaya hiyo ya Mkoa wa Tabora imepakana na mbuga ya Wembere, ambayo wakati wa mvua hufurika na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Katika bonde la Mto Manonga, ambao maji yake huelekea mbuga hiyo, wanasayansi waliofanya uchimbaji katika miaka ya 1990 walikuta mabaki ya samaki yaliyogeuka mawe, ushahidi kwamba mamilioni ya miaka iliyopita palikuwa na ziwa mahali ambapo leo wachungaji hupitisha ng'ombe wao. Maji ya huko hupimwa kwa ndoo na kwa dumu. Visima na malambo ndivyo vilivyotegemewa miaka mingi, mpaka lilipofika bomba la kutoka Ziwa Victoria. Mradi wa kuyaleta maji hayo Tabora, Igunga na Nzega ulizinduliwa rasmi mwaka 2021. Mahali ambapo kila ndoo ina historia yake, kuyaweka maji ndani ya sanduku la kioo ili samaki waogelee sebuleni ni kitendo kinachodai maelezo.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu mjini Igunga mwenye tangi la kioo la urefu wa sentimeta 80, upana 40 na kina 45. Vipimo hivyo vikizidishwa, na jibu likagawanywa kwa 1,000, hupatikana lita 144. Zikiondolewa nafasi za mchanga, mawe na sehemu iliyoachwa tupu juu, hubaki lita 120 hivi. Samaki wake sita walitoka Ziwa Tanganyika, wakasafiri kwa basi kutoka Kigoma ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni. Asubuhi moja ya wiki ya pili anawakuta wote karibu na uso wa maji, wanahema midomo wazi, na mmoja amelala ubavu, mapezi yameshikana na mwili. Mwalimu ana huruma. Anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vya rangi mbili, anavifungua na kuumimina unga wake tangini. Usiku samaki wawili wanakufa. Tendo hilo lilitoka katika moyo mwema, lakini liliupita ushahidi uliokuwa wazi mbele ya macho.

Samaki hana kilio. Mbuzi akiumwa hulia na mtoto hushika tumbo. Samaki, ambaye ziwani udhaifu wake ni mwaliko kwa mwenye kumla, huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha zimwishie. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, na kwa samaki kuficha huko ni hulka aliyozaliwa nayo. Ndiyo maana uchunguzi wa ugonjwa wake huanza kwa macho na kwa subira. Anakaa chini au juu? Mapezi yamekunjuka au yameshikana? Anajikuna mawe? Matamvua yanafunga na kufungua kwa kasi? Anakula? Lakini swali linaloyatangulia yote hayo ni la hesabu: wameugua wangapi, na kwa mfuatano gani? Wakiugua wote kwa pamoja ndani ya saa chache, shaka ya kwanza huyaangukia maji. Wakiugua mmoja baada ya mwingine kwa siku kadhaa, shaka ya kwanza huwa ni maambukizo. Samaki wa mwalimu walihema wote asubuhi moja. Maji ndiyo yaliyokuwa yakisema.

Maji hayo yalikuwa maangavu, na uangavu ndio unaowahadaa wengi. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yanayooza huongeza nyingine. Ziwani amonia hiyo huzimika katika wingi wa maji. Tangini hukaa palepale na samaki aliyeitoa. Kinachoweza kumwokoa ni bakteria wasioonekana wanaoota juu ya mchanga na ndani ya chujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Makundi hayo huhitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi, ili yakue vya kutosha. Tangi la wiki mbili ni nyumba isiyo na choo, na dawa ya kuua bakteria ikimiminwa humo yaweza kuwaua hata vibarua wachache waliokwisha kuanza kazi.

Kuna na maji ya bomba yenyewe. Klorini inayotiwa ili kumkinga mtoto wa Igunga na kipindupindu huunguza matamvua ya samaki na kuwaua bakteria wa chujio. Baraka iliyosubiriwa na vizazi huwa sumu ikimiminwa upande wa pili wa kioo kabla ya kuachwa ndani ya ndoo iliyo wazi kwa siku moja au mbili, klorini ikaruka. Maji ya mvua nayo hayana klorini, lakini yakiwa peke yake hayamfai samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa ziwa lake lina madini mengi na maji yake ni ya alkali, pH yake ikikaribia 9. Hata chakula kina hukumu hiyohiyo. Samaki wa jamii ya Tropheus, ambao ziwani hukwangua mwani mwembamba juu ya mawe, wakilishwa vyakula vya nyama kwa wingi aghalabu hufura tumbo, wakasusa kula na kufa mbele ya mlishaji wao karimu. Maji mema ni mema kwa nani? Chakula kizuri ni kizuri kwa nani? Wema usiomjua anayetendewa unaweza kumwua, na hilo ni kweli kwa samaki, kwa mgeni na kwa mtoto wa kulea.

Methali ya kale hata hivyo ina sehemu yake ya kweli. Upo ugonjwa wa madoa meupe, ambao humfanya samaki aonekane kana kwamba amenyunyiziwa chumvi. Kila doa ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi. Kikishakua huanguka, hujifunga ndani ya ganda mchangani na kugawanyika kuwa mamia ya watoto, nao huogelea kumtafuta samaki mwingine. Dawa huwapata hao waogeleaji tu. Aliye chini ya ngozi na aliye ndani ya ganda wamesalimika. Kwa hiyo madoa yakitoweka si dalili ya kupona, na anayeacha matibabu siku hiyo atayaona tena yakiwa mengi zaidi. Katika maji ya digrii 25 mzunguko huo huweza kukamilika ndani ya wiki moja hivi. Katika maji ya baridi hurefuka, na matibabu hayana budi kurefuka nao. Lakini hata hapa, mgonjwa wa kwanza hakuingia tangini kwa miguu yake. Aliletwa na mtu ambaye angeweza kumtenga kwa wiki tatu au nne katika chombo kingine kabla ya kumchanganya na wenzake.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini watu hukimbilia dawa kabla ya kuyapima maji? Jibu moja ni ujinga, na ujinga huponywa kwa kufundishwa. Jibu la pili ni zito zaidi. Dawa humshtaki samaki: yeye ndiye mwenye kasoro, naye mfugaji ni mganga aliyekuja kumwokoa. Kupima maji humshtaki mwenye nyumba: nani aliyewajaza samaki sita kabla ya wakati, nani aliyelisha mara nne kwa siku ili wageni wafurahi, nani aliyeosha chujio kwa maji ya bomba? Huruma inayokimbia mashtaka hayo hujipenda yenyewe. Humpa mwenye nayo nafasi ya kujiona mwema mbele ya maumivu aliyoyasababisha.

Waislamu wamepokea katika hadithi habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Haikuelezwa kwamba alimpiga. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie riziki yake katika ardhi. Uzito wa habari hiyo umo katika milango miwili iliyofungwa kwa pamoja. Kabla ya kufungiwa, paka alikuwa na ardhi nzima ya kumlisha na mwanamke huyo hakuwa na deni lolote kwake. Alipofunga mlango alichukua nafasi ya ardhi, na kila kilichokuwa juu ya ardhi kikawa juu yake. Vivyo hivyo anayemtoa samaki ziwani: amejifanya ziwa. Kumbadilishia maji kwake ni wajibu unaotokana na tendo lake, kama mdaiwa anavyolipa, wala asingoje shukrani.

Atatokea wa kusema kwamba samaki hahisi, na kwamba maneno hayo yote ni ya kupita kiasi. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walichapisha utafiti juu ya samaki aina ya trauti waliodungwa asidi midomoni: walichelewa kurudia kula, na wengine walisugua midomo yao kwenye changarawe. Wapo wanasayansi waliopinga kwamba hayo ni maumivu kama ayajuavyo mwanadamu, na mjadala umeendelea. Lakini deni halingoji mjadala huo uishe. Aliyekabidhiwa mzigo uliofungwa, asijue kama ndani mna glasi au pamba, huubeba kama mwenye kubeba glasi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na Igunga ndiyo inayolitamka: inakuwaje samaki abadilishiwe maji ilhali jirani anapanga foleni na dumu lake? Pingamizi hili lina haki, ila wakati wake ni kabla ya tangi kununuliwa. Njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilikuwa na kipande kilichoitwa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambako maji yalikuwa haba. Kirangozi mwenye busara aliihesabu safari na vibuyu kabla ya kuingia, kwani siku ya tatu ya kiu hapana hesabu inayosaidia. Na wale waliopitishwa humo kwa minyororo hawakuulizwa, kwa hiyo kiu yao ni hatia ya aliyewafunga, si ya jua. Samaki si mtu, na haifai kulinganisha mateso yao. Kanuni moja tu ndiyo inayovuka: anayeamua safari ya asiyeweza kukataa huichukua na kiu yake.

Deni hilo lina mwisho wake pia. Yapo magonjwa yasiyopona, na samaki asiyeweza tena kula wala kujiweka wima hapaswi kuachwa siku tano ili mwenyewe asibebe uamuzi. Hapo karafuu ya Unguja na Pemba ina kazi wasiyoijua wengi: mafuta yake, yaleyale yanayopakwa jino linalouma, yakikorogwa na maji kwa kiasi kidogo humlaza samaki usingizi, na yakizidishwa humfanya asiamke. Kumtupa lamboni au mtoni akiwa hai ni kuhamisha deni kwenda kwa wasiolikopa. Ziwa Victoria linalokumbuka kupandikizwa kwa sangara katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zilizotoweka baadaye, halihitaji mfano mwingine.

Robo ya maji ya tangi la mwalimu ni lita 30, ndoo moja na nusu kwa wiki. Yasipokuwa na dawa wala chumvi hayapotei: nitreti iliyomo ni mbolea, na mchicha wa uani utayapokea. Asiyeweza kuitoa ndoo hiyo na nusu bila kumnyima mtu asinunue tangi, wala hatakuwa amepungukiwa na utu. Na aliyekwisha kununua, asubuhi atakayowakuta wanahema, aiendee kwanza ndoo iliyolazwa wazi tangu juzi. Duka la dawa litakuwa bado halijafungwa.