Ndui Ilipokwisha, Tukaacha Kutazama

Mwaka 1970, huko Basankusu nchini Kongo, mtoto wa miezi tisa alilazwa akiwa na vipele vilivyodhaniwa kuwa ndui. Vipimo vikaonyesha ugonjwa ambao ulikuwa haujawahi kutambuliwa kwa binadamu: homa ya nyani, ambayo siku hizi huitwa mpox. Katika familia nzima, ni yeye tu ambaye hakuwa amechanjwa ndui. Onyo lote lilikuwa hapo. Chanjo moja ilikuwa ikizuia magonjwa mawili. (Mtoto alipona vipele vile, kisha surua ikamuua kabla hajatoka hospitali.)

Mwaka 1980 dunia ilitangaza kwamba ndui imetokomezwa, na chanjo ikasimamishwa. Sioni kosa hapo, maana chanjo ile ilikuwa na madhara yake na ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha. Wataalamu walijua kuwa kinga dhidi ya mpox ingepungua. Wakafuatilia kwa miaka michache, wakaona hatari ni ndogo, wakapunguza ufuatiliaji. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

Lakini kila mwaka walizaliwa watoto wasio na kovu la chanjo begani. Mwaka 1996 ukazuka mlipuko mkubwa Katako-Kombe, eneo la Sankuru. Mwaka 2010 watafiti wakachapisha hesabu za Sankuru hiyohiyo: kiwango cha maambukizi kilikuwa kimepanda mara 20 hivi kuliko miaka ya 1980, na waliochanjwa zamani waliugua mara tano pungufu kuliko wasiochanjwa. Ishara gani nyingine ilitakiwa? Ila waliougua walikuwa wanavijiji wa msituni. Ndugu msomaji, hapo ndipo mimi nawe tunaweza kujikwaa: tunasoma habari kama hiyo, tunasikitika, tunafungua ukurasa wa michezo. Chanjo yoyote ikisimamishwa, tuulize nani anabaki akitazama, na anatazama mpaka lini.

Mwaka 2022 mpox ilipoenea Ulaya na Marekani, watu wa huko walianza kuchanjwa ndani ya wiki chache. Kongo iliendelea kungoja. Mwaka uliofuata ugonjwa ukashika kasi Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini, na kufikia katikati ya 2024 ulikuwa umevuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Kampeni ya chanjo nchini Kongo ilianza Goma, Oktoba 2024, miaka 14 baada ya zile hesabu za Sankuru.