Nani Abebe Kisichojulikana: Maadili ya Kulinganisha Magari Mawili ya Umeme

Kulinganisha magari mawili kabla ya kununua huchukuliwa kuwa kazi ya kikokotoo: bei, umbali kwa chaji moja, gharama ya umeme kwa mwezi. Kwa gari la umeme la bei nafuu, kikokotoo hakimalizi kazi. Betri, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote, haionyeshi umri wake kwa macho, na mnunuzi hulipia leo uwezo atakaoujua sawasawa baada ya miaka. Kwa hiyo, kabla ya kuwa swali la fedha, hili ni swali la haki: kile kisichojulikana kibebwe na nani? Anaweza kukibeba mnunuzi, muuzaji, atakayelinunua gari hilo baadaye, au mtu wa mbali ambaye hakuwapo kwenye mapatano.

Njoro ni kata ya Manispaa ya Moshi, chini ya mteremko wa Kilimanjaro. Mkazi wake mwenye kipato cha kati akitaka gari la umeme, njia mbili ziko karibu na mfuko wake. Ya kwanza ni kuagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Ya pili, iliyo ghali zaidi, ni gari jipya dogo la Kichina kama BYD Dolphin. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 kwa lugha ya mita za umeme za LUKU. Betri hiyo haipoozwi kwa maji. Inategemea hewa tu, na joto huizeesha haraka. Dolphin ilitoka mwaka 2021, na tangu 2023 inauzwa yenye usukani wa kulia katika nchi kama Thailand, Uingereza na Australia. Toleo lake dogo lina betri ya uniti 44.9 yenye mfumo wa kuipooza, na kemia yake ya fosfeti ya chuma huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi.

Mlima wenyewe una kauli katika ulinganisho huu. Njoro iko yapata mita 800 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu linakaribia mita 1,900. Gari la kilo 1,800 pamoja na abiria wake, kwa kuinuliwa tu mita hizo 1,100, hutumia zaidi ya uniti 5, mbali na zile za kusukuma magurudumu kwa zaidi ya kilomita 40. Safari nzima ya kupanda hufikia kama uniti 11. Leaf ya zamani iliyobakiwa na theluthi mbili ya uwezo wake ina uniti 15 au 16. Itafika, lakini dereva atakuwa anatazama geji zaidi kuliko barabara. Wakati wa kushuka mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo, ingawa si wote.

Injili ya Luka, katika sura ya 14, inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara na kumtaka akae kwanza ahesabu gharama. Fundisho hilo kwa kawaida hueleweka kuwa linahusu fedha, lakini lina upande wa pili ulio mgumu zaidi, nao ni kukiri ukubwa halisi wa mnara. Safari nyingi za mkazi wa Njoro ni fupi: soko la Mbuyuni, hospitali ya KCMC, shule ya watoto, Boma Ng'ombe. Kwa hizo Leaf iliyochoka inatosha, na chaji ya usiku kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani hurudisha kilichotumika. Desemba ni habari nyingine. Krismasi ndiyo msimu ambao koo za Wachagga hukutana kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na kupeleka wazee kanisani Marangu au Kibosho ni wajibu wa mtoto kwa wazazi. Hauwezi kuwekwa kwenye fungu la anasa. Kosa hutokea mtu anapohesabu mahitaji ya kifahari na kuyaita wajibu, au anapofuta wajibu wa kweli ili hesabu ikae sawa. Mizani ikishachezewa hapo, ulinganisho wote unaofuata ni bure.

Kiini cha suala kiko kwenye dashibodi ya Leaf. Pembeni mwa geji ya chaji kuna vistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza huzimika uwezo unapopungua kwa takriban asilimia 15, na kila kinachofuata huashiria upungufu wa asilimia 6 hivi. Hata hivyo vistari hivi huweza kudanganya. Kumbukumbu ya kompyuta ya betri ikifutwa kwa kifaa cha fundi, vyote 12 huwaka tena, kisha hupungua polepole gari likiwa tayari mikononi mwa mnunuzi. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inaeleza jinsi Mtume Muhammad alivyoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kuna unyevu uliofunikwa na nafaka kavu, akamkemea muuzaji vikali. Betri iliyofutiwa kumbukumbu haina tofauti yoyote na lundo lile.

Wanafikra wa dini mbili walizitazama kasoro za namna hii kwa makini. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji halazimiki kutaja kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, mradi bei imepunguzwa kwa haki. Iliyofichika lazima aitaje. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mkali zaidi: muuzaji aseme kasoro zote, za wazi na za ndani. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kikionekana kuwa na kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo. Kauli yao mashuhuri haikubali muuzaji ajivue kwa kusema anauza kitu kama kilivyo. Wameacha nafasi moja finyu, nayo ni kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua, kwa kuwa kiumbe hai hubadilika tumboni bila mwenye mali kuona.

Je, betri ihesabiwe kama mnyama? Nayo huzeeka ndani kimyakimya, na muuzaji wa Japani aliyelipata gari mnadani huenda kweli hajui hali yake. Mfanano huo unavutia, lakini unaanguka kwenye jambo moja: betri hupimika. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani pamoja na programu ya simu husoma hali ya betri kwa asilimia, na huonyesha hata seli zilizo dhaifu. Anayeweza kujua kwa dakika chache na asijue kwa kutotaka, hana udhuru wa mwenye ng'ombe. Upande wa mnunuzi nao una udhaifu wake. Haki ya kurudisha ilitungwa kwa watu waliosimama soko moja. Gari likishateremka bandarini Dar es Salaam, likalipiwa ushuru na ada ya uchakavu, likapanda barabara ya Segera hadi Moshi, haki hiyo imebaki kwenye karatasi. Kwa hiyo kipimo lazima kitangulie malipo. Leaf isiyo na kipimo haifai kuingizwa kwenye ulinganisho hata kama bei yake ni ya kutupa.

Dolphin huhamishia kisichojulikana mahali pengine. Betri yake ni mpya, lakini anayeikopea kwa miaka kadhaa hubeba deni la gari litakaloshuka thamani kabla deni halijaisha. Vipuri na mafundi wanaoijua bado ni wachache kaskazini mwa Tanzania. Mzigo huu angalau una sifa moja: unabebwa na aliyeuchagua.

Wapo wanaobeba mzigo wasiouchagua. Leaf ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2017, hutumia betri ya nikeli, manganisi na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Kolwezi na maeneo mengine ya Katanga ya zamani, ambako Kiswahili ni lugha ya machimboni. Mwaka 2016 Amnesty International ilichapisha ripoti iliyoonyesha watoto wakifanya kazi katika machimbo hayo. Betri ya Dolphin haina kobalti wala nikeli. Inaweza kujibiwa kwamba kobalti ya gari kuukuu ilishachimbwa, na kulinunua hakumtumi mtu shimoni. Jibu hilo lina nguvu, na kwa Leaf moja iliyokwisha kutumika pengine linatosha. Halitoshi likigeuzwa ruhusa ya kutouliza kabisa.

Sababu moja ishughulikiwe kwa tahadhari, kwa kuwa Njoro inauona mlima kila asubuhi: kununua gari la umeme ili kuokoa theluji ya Kilimanjaro. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya kileleni ilipoteza asilimia 85 ya eneo lake. Gari moja halitairudisha, na umeme wa gridi ya taifa hutoka kwenye maji na pia gesi asilia. Hoja ya kweli ni nyembamba zaidi. Mila ya mfongo, mfereji wa maji wa Wachagga, ilimtaka wa juu amwachie wa chini zamu yake. Vivyo hivyo moshi usiotolewa leo barabarani Moshi ni haki ya anayevuta hewa hiyo, hata kama kileleni hakuna kitakachobadilika.

Kwa mwenye mizunguko ya mjini, Leaf iliyopimwa na kukutwa na uwezo usiopungua robo tatu inatetewa kirahisi. Mwenye wazee wa kupandisha mlimani mara kwa mara aelekee Dolphin, kama anaweza kuilipa bila kuwanyima wanaomtegemea. Asiyeweza lolote kati ya hayo hana kosa kuendelea na daladala.

Wajibu hauishi siku ya kununua. Mwenye Leaf akiiuza baada ya miaka mitano, anasimama pale aliposimama muuzaji wa nafaka, na kipimo cha siku hiyo kinapaswa kuandikwa kwenye hati ya mauziano pamoja na kile cha siku aliyoinunua. Betri isiyofaa tena barabarani bado huweza kuhifadhi umeme wa jua nyumbani. Uwanja wa Johan Cruijff Arena mjini Amsterdam unatumia betri za Leaf kwa kazi ya kuhifadhi umeme tangu 2018. Mmiliki wa mwisho, aliyelinunua gari kwa bei ndogo kuliko wote, ndiye anayebaki na kazi ya kuitafutia betri mahali.