Ukitaka Kumwona, Msogelee

Somo: Marko 8:22-26



Wapendwa vijana, wengi mnanifahamu kama yule kijana wa kamera parokiani. Komunyo ya kwanza, kipaimara, ndoa, nipo. Leo naomba niwashirikishe habari za lenzi. Vumilieni kidogo, Injili tutaifikia.

Mwaka jana niliingiwa na tamaa ya lenzi ya milimita 70-200, zile ndefu nyeupe mnazoziona pembeni mwa uwanja wa mpira. Nikajisemea, nikiipata hiyo na mimi nitaitwa mpiga picha. Nikadunduliza pesa za kazi za ndoa msimu mzima, nikapanda mwendokasi hadi Kariakoo, nikaufuata Mtaa wa Msimbazi mpaka kwa muuzaji wa lenzi zilizotumika.

Nilikuwa makini kwelikweli. Niliwasha tochi ya simu nikaimulika kwa nyuma huku nikichungulia ndani, maana Dar es Salaam ina joto na unyevu, na lenzi ikikaa gizani ndani ya begi hushika kuvu, kama utando wa buibui juu ya kioo. Nikatafuta mikwaruzo. Nikazungusha pete ya fokasi nione kama inakwama. Nikaifunga kwenye kamera yangu nikapiga picha kadhaa. Safi. Nikalipa. Lenzi niliimulika yote. Moyo wangu sikuumulika hata kidogo.

Wiki chache baadaye jumuiya yetu ikapata msiba. Mama mmoja alifiwa na mumewe, nami nikaombwa kupiga picha. Nikasimama mbali, nikavuta. Si mnajua raha ya lenzi ile? Mtu yuko mita 20 lakini unaona chozi linavyomshuka shavuni. Hata makaburini Kinondoni nilifanya hivyohivyo. Nilipiga picha zaidi ya 300, nikarudi nyumbani nikijiona nimetumika vizuri.

Baada ya Misa ya arobaini nikampelekea mama picha zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akazitazama moja moja, akanishukuru. Halafu akaniuliza kwa upole: "Lakini mwanangu, mbona siku ile hukuja? Wenzako wote walinipa mkono. Wewe nilikutafuta sana, maana marehemu alikuwa anakupenda."

Nikakosa la kusema. Mbona nilikuwepo! Chozi lake nililiona kuliko mtu yeyote pale. Mkono wake sikuushika.

Usiku ule nikakumbuka kitu. Lenzi yangu ile haishiki fokasi kwa kitu kilicho karibu zaidi ya mita 1.2. Ukisogea zaidi ya hapo, picha inakuwa ukungu mtupu. Yaani mtu unayeweza kumpa mkono ndiye ambaye lenzi ile haimwoni vizuri.

Sasa tumtazame Yesu kule Bethsaida. Analetewa kipofu. Angeweza kumponya kwa mbali. Alishafanya hivyo kwa mtumishi wa yule akida (Mt 8:5-13). Lakini huyu anamshika mkono, anatembea naye mpaka nje ya kijiji, anamgusa. Mara ya kwanza yule mtu anaona watu kama miti inayotembea. Kwa lugha yetu sisi wa kamera, mwanga umeingia ila fokasi bado. Yesu hamwachi hapo. Anamgusa tena, na ndipo anaona kila kitu wazi.

Mimi nilikuwa bado kwenye hatua ile ya kwanza. Mama yule nilimwona kama mti mzuri ndani ya picha yangu.

Sisemi kwamba lenzi ndefu ni dhambi. Kwenye Misa inafaa sana: unakaa nyuma, humsumbui padre altareni wala wanaosali. Chombo ni chombo tu. Swali ni moja: unakitumia umkaribie mtu, au ujifiche asikufikie?

Na wewe usiye na kamera usicheke, hili linakuhusu pia. Unaandika "pole sana" kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, umemaliza, na nyumbani kwa mfiwa ni dakika kumi kwa miguu. Hiyo nayo ni lenzi ndefu.

Vijana mnaoniuliza muanze na lenzi gani, nawajibu: 50mm ya f/1.8. Bei yake ni nafuu, ni nyepesi, na inapitisha mwanga wa kutosha ndani ya kanisa hata bila flashi. Tena haina kuvuta. Ukitaka uso uonekane mkubwa, utembee mwenyewe kwa miguu yako. Hii yangu inashika fokasi mpaka sentimita 35. Kwa umbali huo huwezi kujificha. Lazima kwanza umsalimie mtu, akuruhusu.

Nilikwenda kitubio. Jumapili iliyofuata nikarudi kwa mama yule bila kamera. Nikampa mkono, nikampa pole iliyochelewa siku arobaini na ushee. Akalia, nami nikalia. Tukasali fungu moja la Rozari, akanipikia chai. Siku hizi nikifika msibani kamera inabaki kwenye begi mpaka niwe nimetoa pole na kukaa mkekani na wenzangu.

Wiki hii, kijana mwenzangu, mtafute mtu mmoja ambaye umekuwa ukimtazama kwa mbali. Mgonjwa, mfiwa, labda hata mzazi wako mnayelala naye nyumba moja. Usimtumie meseji. Nenda.

Tusali: Ee Yesu, uliyemshika kipofu mkono, tuguse tena macho yetu. Utuondolee woga wa kusogea karibu, tuwaone ndugu zetu kama watu, si kama miti. Amina.