Maumivu Yasiyoondoka

Katika usharika wetu yupo mama mzee aliyeugua mkanda wa jeshi. Vipele vilikauka, ngozi ikapona, lakini maumivu yakabaki ubavuni kama moto. Madaktari hueleza kwamba ugonjwa huo huweza kuharibu mishipa ya fahamu, nayo ikaendelea kupeleka habari za jeraha ambalo halipo tena. Dawa alizoandikiwa zilimlevya hata akaanguka jikoni, na zile alizojinunulia dukani zikamwumiza tumbo. Daktari akazisimamisha zote.

Sisi tukamwombea. Tulimwekea mikono mara tatu, na kila mara tukamwuliza mbele ya watu, "Mama, unajisikiaje sasa?" Mara ya tatu akajibu kwamba amepona. Tukapiga makofi, maana sisi wachungaji nasi tunayapenda makofi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Tulipomtembelea ndipo tulipojua kwamba tulimsukuma aseme uongo madhabahuni. Je, tulikuwa tunamwombea yeye, au tulikuwa tunaitetea imani yetu kwa kuutumia mwili wake? Swali hili linatusumbua kuliko lile la kwa nini Mungu hakumwondolea maumivu. Paulo naye aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, nao ukabaki. Wala hatusomi kwamba alitakiwa kushuhudia kuwa umetoka. Paulo huyo huyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuona aibu kutaja msaada mdogo.

Na misaada midogo ndiyo anayoishi nayo mama huyu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kutembea kidogo kila siku, hata siku mbaya. Na siku ya nafuu asilime shamba lote, kwa maana kesho yake atashindwa kuamka. Maumivu yakipanda hupumua polepole, kwa kuwa mwili ukijikaza kwa hofu misuli nayo huanza kuuma. Ubavuni huvaa pamba laini, maana hata kuguswa na kanga kulikuwa kunamchoma. Wako wasioweza kuishi bila dawa, na hao hawajapungukiwa imani. Wasiziache pasipo daktari.

Haya yote tulizoea kuyaita kuvumilia tu, kana kwamba ni daraja la chini ya kuponywa. Lakini mtu anayeamka na maumivu, akasali, akatembea hadi kisimani na kurudi, tutasema Mungu yuko mbali naye?

Tulimwomba radhi, kwanza nyumbani kwake, kisha kanisani, kwa kuwa ni kanisani tulikomkosea. Amerudi. Hukaa benchi la karibu na mlango. Ibada ikirefuka hutoka nje, huzunguka mwembe mara mbili, kisha hurudi kukaa, na wazee wa kanisa wameacha kumfuata kumwuliza kuna nini.